Bunduki ya Moshi kwenye Njia ya Mikumi

Mzee yeyote wa Kilosa aliyewahi kuwinda kwa gobore atakwambia kitu kimoja hata kabla hujamuuliza. Ukishafyatua, kanga humwoni. Hujui kama ameanguka au ameruka, maana mbele yako limesimama wingu jeupe, zito, linanuka kiberiti, na huna budi kungoja upepo ulisogeze ndipo ukaokote riziki yako. Muda wote huo wewe huoni, ila unaonekana. Aliye ng'ambo ya bonde hana haja ya kukutafuta: palipo na moshi ndipo ulipo.

Naanzia hapo kwa sababu habari za vita ya 1914 hadi 1918 katika nchi yetu zimezungushiwa madai ambayo nimeyasikia tangu utoto kwenye vijiwe vya kahawa, na ukubwani nikayakuta tena katika vitabu vya watu wanaozipenda hadithi za vita kuliko wanavyowapenda waliopigana. Madai hayo yanahusu bunduki: jinsi ile kongwe ya askari wa Kijerumani, ya mwaka 1871, ilivyotolewa mikononi mwao na nafasi yake ikachukuliwa na ya kisasa. Kila linaposimuliwa jambo hili, husimuliwa kana kwamba bunduki ilijibadilisha yenyewe. Mimi nimezaliwa kwenye njia ambayo silaha hizo zilipita, na nadhani tunawiwa maelezo yaliyo bora zaidi ya hayo.

Kwanza tuijue bunduki yenyewe. Waliibuni ndugu wawili wa Kijerumani, Wilhelm na Paul Mauser, na jeshi lao likaipokea mwaka 1871. Ilikula risasi moja tu kwa wakati: unafyatua, unavuta bolti, ganda linaruka, unatia nyingine kwa vidole. Kichwa cha risasi kilikuwa pande la madini ya risasi lenye upana wa milimita 11 na uzito wa gramu 25 hivi. Kilichokisukuma ni baruti nyeusi ya asili, mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti, ile ile iliyokuwa kwenye magobore. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyotoa moshi, na ndani ya miaka michache majeshi yote ya Ulaya yakaitupa nyeusi. Ujerumani ilibadili bunduki mwaka 1888, ikabadili tena mwaka 1898. Mauser ya 98 ilibeba risasi tano pamoja, nyembamba, na baada ya kupewa kichwa chenye ncha kali ilizipeleka kwa mwendo unaokaribia mara mbili ya ule wa 71.

Zile za 71 zilizostaafu huko zilivushwa bahari. Agosti 1914 vita ilipowaka, jeshi la koloni hapa kwetu, Schutztruppe, lilikuwa na kombania 14 za askari wapatao 2,500. Kombania nyingi bado zilishika bunduki ya moshi, miaka 43 baada ya kubuniwa kwake.

Sasa tuyachukue madai.

"Bunduki ya zamani iliwatosha. Katika pori la Afrika moshi haukuwa na madhara." Hili ni kongwe kuliko vita yenyewe. Maofisa wa Kijerumani waliliamini na kulitetea kwa hoja tatu: kwamba adui wa askari ni wenyeji wasio na silaha za maana, kwamba kichwa kikubwa cha risasi humwangusha mtu upesi, na kwamba moshi hauna neno unapopigana na mtu mwenye mkuki. Tazama kilichofichwa humo. Bunduki ilichaguliwa kwa kumfikiria mtu atakayepigwa nayo, na mtu huyo alikuwa babu yako na wangu. Hakuna aliyejiuliza huyo anayeishika atakuwaje siku adui akija na silaha kama ya mkubwa wake.

Siku hiyo ilikuja. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi hilo tangu Januari 1914, alikiri katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1920 kwamba mashabiki wa bunduki ya 71 walifunzwa vingine na vita. Anasema udhaifu wake haukuwa kwenye tambarare tu, mahali watu wanapolengana kutoka mbali. Hata porini, ambako mpiganaji na mwenziwe wametengana kwa hatua chache, mwenye baruti isiyo na moshi alibaki hajulikani alipo, na mwenye 71 akajianika mwenyewe.

Anayebisha aende Mikumi mwezi Agosti, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Nyasi za uwanda wa Mkata zimekauka rangi ya simba. Mtu akiwasha jiko la kuni upande wa milima, moshi wake unasimama wima kama nguzo, unauona ukiwa mbali kabisa, na haukimbii. Chukua watu ishirini walale kwenye nyasi hizo, kila mmoja apige risasi moja ya baruti nyeusi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti ile haigeuki hewa. Inabaki vumbi laini na masizi, sehemu inapaa kama moshi, sehemu inaganda ndani ya mtutu. Baada ya mkupuo wa kwanza hao ishirini wamejichorea mstari mweupe mbele yao. Mwenye bombomu, kama wazee walivyoziita bunduki za rashasha, hana kazi tena ya kuwatafuta. Anapiga chini ya mstari. Huo ndio moshi ambao wakubwa walisema hauna neno, na aliyelala nyuma yake hakuwa mkubwa.

Haki itendeke hata kwa bunduki mbovu. Pande lile la gramu 25 lilivunja mfupa vibaya, na askari anayetia risasi moja moja hazitapanyi ovyo. Ilikuwa ngumu, haikuharibika kirahisi. Lakini faida hizo ni za mwindaji wa nyati. Kwa mtu anayewindwa na mwenziwe, hazimfai kitu.

"Askari mwenyewe hakutaka kubadilishiwa. Bunduki ya kisasa ilihitaji akili na matunzo ambayo hakuwa nayo." Dai hili linanikera kuliko yote, na jibu lake ni fupi. Lettow-Vorbeck huyo huyo anaandika kwamba mwanzoni mwa vita zawadi kubwa kuliko zote ambayo askari angeweza kupewa ilikuwa bunduki ya kisasa iliyotekwa, achukue hiyo na aache yake ya moshi. Mtu asiyejua tofauti haioni kuwa ni zawadi. Waliokuwa wakifa kwa sababu ya moshi waliuelewa moshi kuliko waliokuwa wakiuandikia ripoti. Na ng'ambo ya mpaka askari wenzao wa King's African Rifles, watoto wa Nyasa, Uganda na Kenya, walikuwa tayari wanatumia bunduki za Kiingereza za baruti isiyo na moshi, wakizisafisha kila jioni kama kawaida. Kufikia mwisho wa vita askari wa pande zote mbili walikuwa wakiendesha bombomu, mtambo unaohitaji maji ya kupooza, mkanda wa risasi, na mkono unaojua kuondoa risasi iliyokwama huku watu wanakupiga. Kilichokosekana mwaka 1914 kilikuwa nia ya wenye mamlaka kuwapa.

"Bunduki mpya zilitoka Ujerumani, kwa meli zilizopenya kizuizi cha Waingereza." Hapa kuna ukweli kiasi, ndiyo maana dai hili lina nguvu. Meli mbili zilifika kweli. Ya kwanza, Rubens, iliyojigeuza ya Kidenmaki, iliingia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga mwezi Aprili 1915 huku inafukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Nahodha aliizamisha kwenye kina kifupi, Waingereza wakadhani imekwisha, na usiku watu wa pwani wakaanza kupiga mbizi. Zilitolewa bunduki zipatazo 1,800 na mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya chumvi. Risasi zile zilifunguliwa moja moja, zikakaushwa, zikafungwa upya kwa mikono, na bado nyingine ziligoma kulia. Ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, Machi 1916, ikiwa na mizinga, risasi na dawa.

Lakini tafuta mwanzo wa mabadiliko na utaukuta Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha pale jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, na mbele yao wakakuta kama 1,000 hivi. Walirudishwa baharini, wakaacha pwani silaha za kisasa za kutosha kuvalisha kombania tatu nzima, bombomu 16 na risasi 600,000. Yaani asubuhi ya tarehe 5 Novemba, askari wa Schutztruppe alipewa bunduki nyingi za kisasa kwa mara moja, na aliyempa ni Mwingereza.

Fuata uzi huo hadi mwisho. Tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma akawapiga Wareno huko Ngomano, upande wa Msumbiji. Alichukua mamia ya bunduki zao mpya na robo milioni ya risasi, akawavalisha zaidi ya nusu ya askari wake, na ndipo bunduki za 71 zilizosalia zikavunjwa. Mwaka mmoja kamili baadaye, siku ile ile ya Novemba, akasalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia. Silaha zilihesabiwa chini: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37 ambazo 7 tu zilikuwa za Kijerumani, na bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. Jeshi la Kaiser, mfalme wa Ujerumani, lilifikia mwisho wa vita bila bunduki ya mkononi hata moja ya Kaiser kwenye orodha. Anayesema zilitoka Ujerumani aisome orodha hiyo.

Linatoka hapo jambo ambalo wapenda vita hawaligusi. Bunduki ya kuteka ni mali ya muda. Ya 71 ilitaka risasi ya milimita 11, ya 98 ilitaka yake, ya Kiingereza yake, ya Kireno yake ya milimita 6.5. Safu moja ya askari ilikuwa inatembea na matumbo manne tofauti ya kulisha. Ukimaliza risasi za Kireno, bunduki mpya nzuri inakuwa mpini wa jembe hadi umteke Mreno mwingine. Waliokaa Morogoro wanakijua kiwanda cha risasi cha Shirika la Mzinga. Nchi inayotengeneza risasi zake imeelewa kwamba bunduki ni nusu ya silaha.

"Mwenye silaha mpya hushinda, ndiyo maana Majimaji walishindwa." Madai mawili yamefungwa kamba moja, na yote mawili hayasimami.

Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, Iringa, msafara wa ofisa wa Kijerumani Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, ulikuwa na mizinga, bombomu na bunduki za kutia risasi kwa nyuma. Wahehe wa Chifu Mkwawa walikuwa na mikuki na magobore machache. Waliwangoja mpaka safu ikanyooka kwenye njia nyembamba, wakawavamia kutoka karibu kabla askari wengi hawajapata hata nafasi ya kutia risasi. Kwa dakika chache Zelewski na sehemu kubwa ya watu wake walikuwa wamekufa, na bunduki zipatazo 300 zimebaki mikononi mwa Wahehe. Mwaka uliofuata walishuka hadi Usagara wakaiteketeza ngome ya Wajerumani ya Kondoa, hapa jirani na Kilosa. Sijasikia mtu akisema Nyundo alishinda kwa sababu silaha zake zilikuwa mpya.

Kisha Majimaji, vita ya wenyeji dhidi ya Wajerumani. Moto uliowashwa Matumbi mwezi Julai 1905 ulifika kwetu pia, Vidunda, Kilosa na sehemu za Usagara. Askari aliyetumwa kuuzima hakuwa na bunduki mpya. Alikuwa na ile ile ya moshi, pamoja na bombomu zilizowekwa juu ya maboma, kama lile la Mahenge ambalo wapiganaji walilikimbilia tarehe 30 Agosti 1905 wakaanguka kwa mamia. Bombomu ziliua watu wengi, hilo halina ubishi. Lakini zilichofanya ni kuwavunja waliokuja mbele ya boma. Nchi nzima haikuja mbele ya boma. Watu walirudi milimani, wakaendelea kwa kuvizia, na hapo ndipo maofisa wa Kijerumani wenyewe walipoandika waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha. Mashamba yakachomwa, maghala yakatekwa, mbegu zikaliwa na askari. Serikali ya Kijerumani ilikiri vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa aliyafikisha makadirio kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wa hao hawakuguswa na risasi ya aina yoyote. Ukisema walishindwa na bunduki, umemfutia hesabu aliyechoma ghala.

"Kilosa iliachwa mwaka 1916 kwa sababu bunduki za Wajerumani zilikuwa duni." Wakati huo, Agosti 1916, mabadiliko yalikuwa yamefika mbali. Kulikuwa na bunduki za Tanga, za Rubens, na mizinga kumi ya milimita 105 iliyotolewa kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg baada ya kuzamishwa Rufiji mwezi Julai 1915. Jenerali Jaap van Deventer, Kaburu aliyetumwa na Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, aliteremka kwenye Reli ya Kati: Dodoma tarehe 29 Julai, Mpwapwa tarehe 12 Agosti, Kilosa tarehe 22 Agosti. Mbele yake Wajerumani walipigana, wakavunja madaraja ya reli, wakarudi nyuma. Walikuwa wachache na walikusudia kubaki hai, basi. Hata kama kila mmoja wao angeshika 98 iliyotoka kiwandani jana, Kilosa wangeiacha.

Ajabu ni kilichompata aliyeiteka. Kikosi cha van Deventer kilikuwa na silaha bora, kina farasi, kina malori. Kilifuata njia ya kusini, Ulaya, Mikumi, Kidodi, na mwezi Septemba kilikuwa Kidodi, karibu na Ruaha Mkuu. Na hapo kikachoka. Ndorobo na maradhi vilikuwa vimewamaliza farasi tangu safari ya kwenda Kondoa Irangi mapema mwaka huo. Malaria na kuhara viliwalaza vijana wa Afrika Kusini kwa mamia. Chakula kilikuja nusu posho, siku nyingine hakikuja. Bunduki nzuri zilikuwepo, wa kuzinyanyua hawakuwepo. Mimi nikipita kwenye njia hiyo, na leo kuna reli ya tawi ya kilomita 108 kutoka Kilosa hadi Kidatu inayoifuata ile njia ya zamani, huwa najiuliza tunawezaje kuihadithia vita hii kwa kuhesabu mitutu.

Na hili linanileta kwenye dai la mwisho, ambalo husemwa kwa upole na watu wenye nia njema: "Angalau bunduki ya kisasa ilipunguza mzigo." Tulipime kwa mizani.

Risasi moja ya 71 ilikuwa na uzito wa gramu 43 hivi. Ya 98 ilikuwa na gramu 24. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60, tuseme kilo 27. Basi kichwa kimoja kingebeba risasi za 71 zipatazo 630, au za 98 zipatazo 1,125, bila kuhesabu sanduku. Kwa hesabu hiyo dai ni kweli kabisa, mpagazi amepumzishwa karibu nusu.

Ila bunduki ya risasi tano haili kwa mwendo wa bunduki ya risasi moja. Mwenye 71 alipiga, akavuta, akatia, akangoja moshi. Mwenye 98 au Lee-Enfield ya Kiingereza hangoji kitu, na bombomu inamaliza kwa dakika moja mamia ya risasi. Huko Jasini, Januari 1915, Wajerumani walishinda pigano la siku mbili wakatumia risasi 200,000, na Lettow-Vorbeck akaona kwamba ushindi wa namna hiyo hawezi kuumudu mara nyingi. Fanya hesabu: risasi 200,000 ni mizigo kati ya 180 zikiwa zote nyembamba na 320 zikiwa zote nene. Mizigo ya vichwa vya watu 180, kwa uchache, ilikwisha kwa siku mbili. Bunduki mpya ilipunguza uzito wa risasi moja na ikaongeza idadi ya risasi. Anayebeba hakuona nafuu.

Na huyo anayebeba anakula. Kombania ya askari 160 ilitembea na wapagazi wa kudumu kama 250, achilia mbali waliokamatwa vijijini kwa siku mbili tatu kisha wakaachwa mahali wasipopajua. Mpe mpagazi kilo moja ya unga kwa siku, kipimo ambacho kwa aliyebeba ratili 60 si cha anasa. Kutoka Kilosa hadi Kidodi ni karibu kilomita 100. Kwa mzigo kichwani ni siku tano, kurudi tano. Katika kilo 27 za unga alizobeba, kumi amezila yeye. Ukimbebesha risasi badala ya unga, kilo hizo kumi lazima zibebwe na mwingine, naye anakula. Njia ikirefuka, wanaobeba chakula cha wabebaji wanakuwa wengi kuliko wanaobeba risasi. Na unga wenyewe unatoka wapi? Hautoki Ulaya ya Wazungu. Unatoka Ulaya yetu, kijiji kilichoko njiani kati ya Kilosa na Mikumi, na Masanze, na Zombo, kwenye vihenge vya watu ambao hawakupigana na mtu. Jirani zetu Wagogo, ambao majeshi yote mawili yalipita kwao yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana, waliingia mwaka 1917 katika njaa wanayoikumbuka mpaka leo kwa jina la Mtunya.

Waingereza waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja kwa vita nzima, na kwa hesabu zao wenyewe si chini ya 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria, baridi na njaa. Hao ni wale waliokuwa na namba. Upande wa Wajerumani daftari ni jembamba zaidi. Lakini bunduki zinajulikana: 1,800 za Rubens, 1,071 za Abercorn, mpaka zile 7 kati ya 37.

Kwa hiyo mtu akiniambia jeshi lilibadili bunduki kongwe kwa ya kisasa, namuuliza maswali ya kawaida kabisa. Nani aliyeshika ile kongwe miaka yote hiyo, na nani aliyeamua kwamba inamtosha? Mpya ilitoka kwa nani, na huyo yuko wapi? Risasi zake zimebebwa na nani, akala nini?

Katikati ya Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Samora, iko sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Ni ya shaba, nzuri, imetengenezwa na aliyejua kazi. Askari ameinama kidogo, bunduki yake iko mbele na singe imeelekezwa bandarini, na ukikaribia unaona hata mikunjo ya nguo. Bunduki ni ya Kiingereza, ya kisasa kwa wakati ule. Nairobi wana sanamu ya vita hiyo hiyo, na kati ya watu watatu waliosimamishwa pale mmoja ni mpagazi. Wa kwetu yuko peke yake, nyuma yake hakuna aliyebeba sanduku. Walipokuwa wakilala hao waliobeba masanduku, kwenye kambi ya jeshi la wapagazi, ndipo lilipo soko la Kariakoo, na jina la soko ndilo jina la jeshi lao. Kutoka kwenye sanamu hadi hapo ni mwendo mfupi wa miguu, na ukifika asubuhi utawakuta vijana wanapishana kwenye vichochoro, magunia vichwani, wanaomba njia.